Zinki iingie shavuni, si kooni
Mtoto anayeharisha huandikiwa vidonge vya zinki pamoja na ORS (unga wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini), na wazazi wengi hukwama kwenye kidonge, kwa kuwa ifikapo siku ya pili mtoto huwa amekwisha kukijua kijiko na hukaza midomo mara tu akionapo. Kiyeyushe kidonge katika maziwa ya mama yaliyokamuliwa au maji safi, kiasi cha kijiko kimoja cha chai tu, kisha uivute dawa kwa bomba jipya la sindano lisilo na sindano yenyewe. Mpakate mtoto kichwa kikiwa kimeinuka, ncha ya bomba ikae kati ya shavu na ufizi, umsukumie matone machache, ungoje ameze, ndipo uendelee. Kumbana pua ili afunue kinywa, jambo ambalo bado naliona likifanywa, kunaweza kumpalia. Wala usiitie dawa katika chupa nzima ya maziwa, maana akiyaacha nusu hutajua amepata kiasi gani. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, mrudishie dozi hiyo ya zinki, na uendelee kwa siku zote ulizoandikiwa, kwa kawaida 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma.

Akiwa na mafua pia, msafishe pua kabla ya kumnyonyesha, kwani mara nyingi huachia titi kwa kukosa pumzi tu. Asiyeweza kunywa wala kunyonya kabisa, au anayetapika kila kitu, apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi.