Mbio zikigoma, anza na video kabla ya kumlaumu mkimbiaji

Wale mnaocheza au kufundisha futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti, mbio (pale mnapokimbia na mpira badala ya kurusha pasi) zikigoma msikimbilie kumbadilisha mkimbiaji, mara nyingi wala sio yeye. Rudisha video, simamisha pale anapoguswa mara ya kwanza. Kama anaguswa nyuma ya mstari (pale mpira unapoanzishwa) akiwa ndo kwanza anaushika mpira basi shida iko kwa wale wazuiaji watano wa mbele wanaomfungulia njia, ila kama anafika mstarini msafi halafu anajipeleka kwenye kundi la watu na pembeni kuko wazi, hapo sawa, mseme.

Halafu hesabu mabeki walio karibu na mstari kabla mpira haujaanzishwa. Una wazuiaji sita, wao wamejaza wanane, hiyo mbio inakufa hata ufanyeje, kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, abadilishe arushe pasi. Na hii ndo inasahaulika kuliko zote: wazuiaji wawili wanamsukuma mtu mmoja na wote wanaganda nae, hakuna anayepanda kumzuia lainbeka, yule beki anayesimama nyuma ya mstari wao wa mbele, kila saa yadi mbili tu.

Mazoezini punguzeni mbinu, bakini na mbili tatu mzirudie sana, hasa hatua ya kwanza ya wale wa mbele.