Redio ya gari ikikwaruza porini, chomoa chaja kwanza

Ukiwa safarini mahali ambapo mawimbi ya FM ni hafifu, kwa mfano kati ya Mikumi na mlima Kitonga, na redio ikaanza kukwaruza, chomoa chaja ya simu kwenye tundu la kiberiti cha sigara kabla hujailaumu antena. Nimeligundua hili juzi tu, nikiwa nimebakiza kidogo ninunue antena mpya. Chomoa chaja yenyewe, si waya wa simu peke yake, kwa sababu kitaa chake cha buluu kinapoendelea kuwaka, saketi iliyo ndani bado inakata na kuunganisha umeme mara maelfu kwa sekunde ili kuushusha kutoka volti 12 hadi 5, na chaja za bei rahisi huvujisha kelele inayofika hadi kwenye masafa ya FM, yaani megahezi 88 hadi 108. Mjini huisikii, kwa kuwa mawimbi ya kituo yana nguvu ya kuifunika. Kamera ya dashibodi na taa za LED za kubandika nazo zina tabia hiyohiyo. Mbinu hii haisaidii pale mlima unapokukinga na mnara wa kituo, kwa sababu mawimbi ya FM husafiri karibu katika mstari ulionyooka, wala haisaidii ikiwa kijiti cha antena kimevunjika au kitako chake kimeshika kutu. Hiyo ni kazi ya fundi umeme wa magari.