Dawati la huduma kwa wasioona Lamu, fedha zikiwa chache

Fungu likipunguzwa, kateni kwanza makaratasi na mikutano ya hotelini. Nauli msiiguse, maana bila nauli hakuna atakayefika.

1. Orodha
Pitieni kwa wazee wa mitaa. Andikeni jina, mtaa, simu, na kama mtu anasoma nukta nundu, yaani maandishi ya kupapasa kwa vidole (Braille). Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kuzitumia, lakini waliopoteza kuona ukubwani wengi hawazisomi. Ulizeni kabla ya kuchapisha.

2. Siku na mahali
Chumba cha chini, karibu na ufuo, kisicho na ngazi. Tazameni maji kabla ya kutangaza tarehe: mashua za vijiji vya Matondoni na Kipungani hutegemea maji, na maji makubwa ya bamvua yakipwa abiria huteremkia topeni. Tengeni nauli ya watu wawili, yeye na anayemshika mkono. Tangazeni msikitini, redioni na kwa ujumbe wa sauti.

3. Simu iseme Kiswahili
Hapa ndipo kazi hukwama. Msinunue mashine maalumu za kusomea. Simu ya Android iliyotumika inatosha, mradi vitufe vyake vya sauti ni vizima. Kabla ya kuwasha TalkBack, programu ya Android inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo, ingieni kwenye mipangilio, sehemu ya kugeuza maandishi kuwa sauti, mpakue sauti ya Kiswahili kwa waifai ya ofisi. Mkiruka hapo, Kiswahili kitasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na mwenyewe ataikataa simu siku hiyo hiyo. Punguzeni na kasi ya usomaji.

Kisha washeni TalkBack pamoja na njia yake ya mkato: vitufe viwili vya sauti vikibonyezwa pamoja kwa sekunde chache. Tangu hapo kugusa kunabadilika. Kidole kimoja kikitelezeshwa kulia huhamia kitu kinachofuata, kugusa mara mbili haraka hufungua, na ukurasa husukumwa kwa vidole viwili. Mjukuu asiyejua haya hudhani simu imeharibika akaizima, kwa hiyo afundishwe naye. Lakini wakati wa kufundishwa simu ishikwe na mwenyewe. Mkono wa karani usiiguse kabisa.

Kwa M-Pesa, *334# huweza kujifunga kabla orodha haijamaliza kusomwa. Menyu ya M-Pesa iliyo ndani ya laini (SIM) haina haraka hiyo. Namba ya siri aiingize mwenyewe, amevaa visikizi, na asiambiwe mtu, hata aliyemleta.

4. Fimbo nyeupe
Mpimeni akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku, kutoka sakafuni hadi mwisho wa mfupa wa kifua. Fimbo za urefu mmoja kwa watu wote ni hasara. Nunueni ncha za akiba. Ndizo huisha kwanza. Vichochoroni aifagie kwa upana wa mabega bila kuinua ncha, ili akute mifereji, vizingiti na baraza. Mzigo wa punda uliotokeza usawa wa kifua fimbo haiugundui. Akisikia kwato au "simile" (nipisheni), asimame na kujibanza ukutani mpaka punda apite.

5. Fomu
Msomeeni yote kabla ya dole gumba, mbele ya shahidi aliyemchagua yeye. Kama anahitaji tathmini ya daktari ili asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, patanani na hospitali ya umma iwe siku hiyo hiyo ya dawati, nauli moja imalize kazi mbili.