Somo: Darasa la nyumbani kwenye pembe ya ukumbi, kwa pesa kidogo

Assalaamu alaykum wanachama. Wengi mmeniomba nieleze nilivyotengeneza darasa hapa nyumbani kwangu Wete, Pemba. Nimechelewa kwa makusudi: nilitaka masika yapite kwanza nione kama ubao na vitabu vitahimili unyevu. Vimehimili, kwa hiyo naandika.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na ukumbi, na tunaishi watu saba. Chumba cha darasa hakipo. Mwaka 2020 skuli zilipofungwa kwa ajili ya korona, wanangu watatu walikuwa wakisomea juu ya meza ya chakula. Kila mlo ukifika, madaftari yanasombwa na kurundikwa juu ya kabati. Mdogo wao, aliyekuwa darasa la kwanza, alikuwa akitumia muda mwingi kutafuta daftari lake kuliko kuandika, na likipatikana lina mafuta ya mchuzi. Hapo nilielewa kuwa mtoto anahitaji mahali pasipohamishwa, hata pakiwa na ukubwa wa mkeka mmoja. Yote nitakayoyaeleza yanatokana na hilo.

Hatua ya kwanza: kaa pale utakapomkalisha

Usinunue kitu bado. Chukua daftari na penseli, nenda kakae chini pale unapopafikiria, na iwe saa ile ile atakayosoma mtoto. Baadhi ya skuli zetu zina mikondo miwili, wa asubuhi na wa jioni. Aliye mkondo wa asubuhi atasoma nyumbani mchana au baada ya Magharibi akishatoka chuoni kwenye Kurani, na aliye mkondo wa jioni atasoma asubuhi. Pembe moja inaweza kuwa nzuri saa 3 asubuhi na mbaya kabisa saa 8 mchana.

Mimi nilikuwa nimeshachagua pembe ya karibu na mlango wa uani kwa sababu ina upepo. Nikakaa saa 8 mchana, nikaandika mstari mmoja tu, nikaona kivuli cha mkono wangu kinatangulia mbele ya kalamu na kuyafunika maneno. Mwanga ulikuwa unatoka kulia kwangu. Nikageuka, mgongo ukaelekea mlangoni. Sasa kivuli cha kichwa kikaufunika ukurasa mzima. Nikahamia ng'ambo ya pili ya ukumbi, chini ya dirisha, dirisha likiwa mkono wa kushoto. Ukurasa ukawa mweupe. Dakika 10 zile zimeniokolea macho ya watoto watatu.

Kwa hiyo: anayeandika kwa mkono wa kulia, mwanga umjie kutoka kushoto. Halafu weka kiganja ukutani. Ukuta unaopigwa na jua la magharibi unawaka moto tangu Alasiri mpaka usiku, na chini ya bati lisilo dari mtoto atasinzia tu. Angalia pia mvua inaingilia dirisha gani, maana rasharasha ya siku moja inatosha kuharibu vitabu vya mwaka mzima.

Ukisharidhika, pima kwa tepu. Futi 4 kwa 5 zinawatosha watoto wawili.

Ukuta wa hapo upake chokaa nyeupe. Ni rahisi kuliko rangi zote na inarudisha mwanga ndani. Tia chumvi kidogo kwenye chokaa ili ishike isiache unga kwenye nguo, na watoto wakae mbali siku hiyo kwani chokaa mbichi inaunguza macho.

Hatua ya pili: pa kukalia na pa kuandikia

Kukaa chini si umasikini. Wazee wetu wote walisoma chuoni wakiwa juu ya mkeka, msahafu uko juu ya marufaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu. Tatizo la kukaa chini ni kuandika, kwa sababu mtoto huinama mpaka pua iguse daftari. Dawa yake ni meza fupi ya sentimita 25 hadi 30. Yangu ni ubao mmoja wa mninga uliobaki kwa seremala, umekaa juu ya vigogo viwili. Nilimpa shilingi 8,000 na akanipigia randa bure aliposikia ni ya watoto kusomea.

Anayetaka viti afuate urefu wa mtoto, asiangalie umri. Mtoto wa sentimita 110 hadi 120 anafaa kiti cha sentimita 31 na meza ya 53. Wa sentimita 120 hadi 140, kiti 35 na meza 59. Huna tepu? Mkalishe: nyayo zote mbili zikanyage sakafu, na kiwiko kilingane na meza bila kunyanyua bega. Ndoo tupu ya rangi yenye mfuniko mgumu ni kiti kizuri, na ndani unaweka vifaa. Ioshe vizuri kwanza.

Neno moja kwa sisi tunaoishi kwenye karafuu. Mkeka wa darasa uwe wake peke yake. Msimu ukifika kila jamvi na kila mkeka unatolewa nje kuanikia, na darasa linakufa hapo hapo. Mimi nilimwambia mume wangu na wifi zangu mbele ya watoto kwamba huu hauanikiwi kitu. Watoto walisikia, na mpaka leo wao ndio walinzi wake.

Hatua ya tatu: ubao

Hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Plaiudi nzima ni futi 4 kwa 8. Wewe unahitaji robo yake, futi 4 kwa 2. Waulize mafundi wa dari au wa makabati, vipande vya namna hiyo huwa vinawabakia.

Piga msasa mpaka kiganja kiteleze, futa vumbi. Chukua kikombe kimoja cha rangi nyeusi ya maji, isiyong'aa, utie vijiko viwili vya chakula vya unga wa jipsamu. Koroga taratibu mpaka mabonge yaishe. Unga huo ndio unaoifanya chaki ishike. Tumia mara moja maana mchanganyiko hugandamana. Paka mkono wa kwanza kwa urefu, uache ukauke, kisha mkono wa pili kwa upana. Subiri siku tatu kabla ya kuutumia. Nakusihi usiruke siku hizo tatu, wala hili linalofuata: laza kipande cha chaki ubavu, upake ubao wote uwe mweupe, halafu ufute kwa kitambaa kikavu. Usipofanya hivyo, herufi ya kwanza utakayoiandika haitatoka tena.

Na wale wanaovunja betri kuukuu za redio wachukue ule unga mweusi wa ndani wapake ubao, tafadhali acheni. Ule ni kemikali, na mtoto anafuta ubao kwa kiganja kisha anakula embe kwa kiganja hicho hicho.

Nyumba ya udongo haishiki msumari. Funga ubao kwa kamba kwenye boriti, uninginie, na chini uufunge kwenye mti wa ukutani usichezecheze. Ukingo wa chini uwe usawa wa kiuno cha mtoto mdogo kuliko wote.

Hatua ya nne: vitabu

Kreti mbili kuukuu zilizopangwa moja juu ya moja. Ziache vidole viwili kutoka ukutani ili hewa ipite, na zikae juu ya mawe, si sakafuni, kwa ajili ya mchwa. Masika, kila Ijumaa asubuhi, vitabu vyote vifunguliwe kivulini vipate hewa. Basi.

Hatua ya tano: taa

Umeme wetu Pemba tangu 2010 unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari. Ukikatika ndiyo umekatika, kwa hiyo weka taa ndogo ya sola, ichajiwe kila siku hata kama umeme upo. Usiku taa nayo itoke kushoto, isiwe nyuma ya kichwa. Wanaoogopa kumaliza tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, nawapigia hesabu: balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 3 kila usiku, uniti moja inakwenda zaidi ya siku 35. Koroboi sishauri. Moshi unaingia kifuani, na kwenye mkeka moto hauchelewi.

Hatua ya sita: vifaa vya kufundishia

Msiende dukani. Zile madrasa za elimu ya awali alizozianzisha Bi Swafiya Said kule Mombasa miaka ya 1980, zikafika kwetu Zanzibar mwaka 1990, zilifundisha walimu kutengeneza vifaa kwa vitu vya kijijini: vifuu, visoda, mbegu, vitambaa. Mpaka leo sijaona njia bora kuliko hiyo.

Mimi natumia kete za bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Panga safu 8 za kete 8, mtoto ameshaiona 8 mara 8 kabla hajaikariri. Wagawie watu wanne, kila mmoja anapata 16. Sehemu za namba ndizo zilizomtoa machozi binti yangu, mpaka siku nilipomletea pishi na kibaba. Alimimina mchele kibaba kimoja, cha pili, cha tatu, akasimama. "Mama, imebaki kibaba kimoja pishi ijae." Nikamwambia aandike ubaoni alichokiona. Akaandika 3/4, akauangalia mchele, akauangalia ubao, akacheka peke yake.

Wenye watoto wa darasa la nne waanze kutundika maneno ya hesabu na sayansi kwa Kiswahili na Kiingereza ubavu kwa ubavu, kamba na vibanio vya nguo vinatosha. Darasa la tano masomo hayo yanageuka lugha, na wengi hupotea hapo si kwa kukosa akili bali kwa kukosa maneno.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa watoto wawili, Chake Chake: Dada, mimi nimepanga chumba kimoja. Kitanda, jiko, na mtoto mchanga, vyote humo humo. Hiyo pembe nitaipata wapi?

Jibu: Pole dada yangu. Kwako darasa litakuwa sanduku. Tafuta la kuingia chini ya kitanda, ndani yake madaftari, kete, na kipande cha ubao cha kushika mkononi. Kisha funga kamba kutoka dirishani hadi kwenye nguzo ya kitanda, utundike kanga moja kuukuu. Kanga ikishushwa, darasa limeingia na hakuna anayemtuma mtoto kitu. Ikipandishwa, limekwisha. Chagua saa ambayo mchanga hulala, hata nusu saa.

Bibi, Konde: Mwanangu, mimi nalea wajukuu watatu na herufi hizi za skuli sizijui. Najua kusoma Kurani tu. Nitawafundisha nini?

Jibu: Shikamoo bibi. Wao ndio wakusomee wewe, kwa sauti, ukurasa mmoja kila jioni, kidole kikifuata neno. Akisita, wewe unasikia hata usipoona. Akimaliza mwambie akueleze alichosoma. Akishindwa kueleza, hakusoma, arudie. Na bao nina hakika unawashinda wote. Nao wakuone ukisoma msahafu wako kwenye mkeka ule ule, saa ile ile.

Baba, Mkoani: Mwanangu anaandika kwa shoto. Nimgeuze?

Jibu: Hapana kaka, usimgeuze. Geuza meza: mwanga umjie kutoka kulia. Daftari alilaze kidogo, pembe ya juu ielekee kulia, mkono wake usifute anachoandika. Akikaa na mwenzake, yeye akae mwisho wa kushoto wasigongane viwiko.

Mama, Micheweni: Skuli ya kwetu imejaa sana. Nimtoe kabisa asomee nyumbani?

Jibu: Usimtoe. Mitihani ya taifa mtoto huifanya akiwa ameandikishwa skuli, na akikosa jina kwenye daftari la mahudhurio utahangaika baadaye. Darasa la nyumbani limjazie pale skuli ilipomwacha. Kama una sababu nzito, afya kwa mfano, nenda Ofisi ya Elimu ya Wilaya ukaieleze kabla hujafanya lolote.

Mwanachama, Gando: Ubao nimeupaka kama ulivyosema lakini maandishi hayafutiki, yamebaki meupe meupe.

Jibu: Uliupaka chaki ubavu na kuufuta kabla ya kuandika? Kama hukufanya, ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo, uuache ukauke mpaka kesho, kisha ufanye hivyo mara mbili. Ukigoma, piga msasa laini na urudie mkono mmoja wa rangi. Kikombe nusu kinatosha.