Usinunue Samaki Bado: Tangi Jipya Linataka Bakteria Kwanza

Mtu hujaza tangi la kioo asubuhi, maji yakatulia yakang'aa, na jioni samaki wameshaingia. Siku za kwanza wanakula vizuri. Baada ya wiki moja hivi wanapanda juu kuhema karibu na viputo vya pampu, mapezi yanachakaa, na mwenyewe anakimbilia dukani kununua dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Kinachowaua ni amonia yao wenyewe, na maji yawe maangavu namna gani, huwezi kuiona kwa macho.

Samaki hutoa amonia mchana na usiku, nyingi yake kupitia matamvua, na chakula kinachooza chini huongeza nyingine. Katika kidimbwi cha udongo, mwani na matope huipunguza. Ndani ya kioo kipya hakuna wa kuipunguza mpaka bakteria wa makundi mawili wazaane. Kundi la kwanza, kama vile Nitrosomonas, hugeuza amonia kuwa nitriti. La pili, hasa Nitrospira, hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Nitriti yenyewe ni sumu: huingia katika damu ikaizuia kubeba oksijeni, na ukimfunua samaki matamvua unayakuta yamekuwa ya kahawia. Bakteria hawa hukaa kwenye sponji ya kichujio, kwenye changarawe na kuta za tangi. Majini ni wachache. Wanazaana polepole, kwa hiyo jipangie wiki 4 hadi 6 kabla ya samaki wa kwanza.

Anza na maji. Ya mfereji yana klorini, na klorini huua bakteria unaotaka kuwafuga. Yaache kwenye ndoo au pipa lililo wazi, pampu ya hewa ikipiga, kwa saa 24. Kama kampuni yenu ya maji hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kusubiri hakutoshi; tafuta sodiamu thiosulfeti kwa wauzaji wa vifaa vya samaki. Kisha washa kichujio cha sponji na usikizime tena, kwa sababu bakteria hawa wanahitaji oksijeni nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Sasa walishe. Kule kwingine hununua amonia ya chupa isiyo na sabuni wala manukato, lakini sisi tuna omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria. Zaidi ya nusu ya uzito wa omena kavu ni protini, na ikioza hutoa amonia. Saga gramu 2 kwa kila lita 100 za maji, funga kwenye kitambaa chepesi au soksi kuukuu safi, uitumbukize. Ikioza yote itakupa karibu miligramu 2 za amonia kwa lita, na hicho ndicho kipimo tunachokitaka. Maji yatapata ukungu na harufu kwa siku kadhaa. Vumilia, usiyamwage. Usitumie mbolea ya shambani kama njia ya mkato: yuria lazima ivunjwe kwanza ndipo itoe amonia, hivyo ni vigumu kujua umeweka kiasi gani, na DAP inaleta fosfati itakayojaza tangi mwani.

Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti na pH (kiwango cha uchachu wa maji). Hapa usibane pesa, maana bila vipimo unabahatisha. Soma rangi ya kichupa karibu na dirisha, mchana. Chini ya balbu ya manjano kijani hafifu na kijani iliyokolea hufanana. Amonia itapanda, kisha itaanza kushuka, na siku inaposhuka ndipo watu wengi hukosea. Wanaona imefika sifuri, wanaleta samaki, kumbe nitriti ndiyo kwanza iko kileleni. Kundi la pili la bakteria huchelewa kuliko la kwanza, na hatua hii ya nitriti mara nyingi ndiyo ndefu kuliko zote. Wakati wa kusubiri huku endelea kuwapa bakteria chakula, omena kidogo kila siku chache, la sivyo kundi la kwanza litadhoofika.

Kuna jambo moja linalowasumbua wafugaji wa magharibi mwa Kenya wanaotumia maji ya mvua. Maji ya mvua ni laini, hayana karibu madini yoyote, na bakteria wanapogeuza amonia hutumia alkalini iliyomo, yaani madini yanayozuia pH isishuke: kila gramu 1 ya nitrojeni ya amonia hula gramu 7 hivi. Alkalini ikiisha, pH huporomoka, na ikishuka chini ya 6 kazi husimama karibu kabisa. Mtu anapima wiki baada ya wiki, amonia haisogei, anadhani bakteria wamekufa. Pima pH kwanza. Kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya soda kwa lita 100 huongeza alkalini kwa takriban miligramu 30 kwa lita. Hamira ya unga haifai, na magadi pia usiyatumie, hupandisha pH kwa kishindo. Nayo pH ya juu ina hatari yake samaki wakishaingia: maji yakiwa na nyuzi 25 za joto na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia ndiyo iliyo katika hali yenye sumu kali, kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi.

Joto nalo lina neno. Kisumu maji hukaa na uvuguvugu bila kifaa chochote. Nakuru, kwa baridi ya usiku, weka hita ifikishe nyuzi 26 hadi 28, ama ukubali kusubiri zaidi.

Ukiwa na jirani mwenye tangi lenye afya, mwombe kipande cha sponji yake chafu, kile chenye utelezi wa kahawia. Kisafirishe kikiwa kimelowa, ukiweke ndani ya kichujio chako siku hiyo hiyo. Muda wa kusubiri unaweza kupungua sana. Lakini hakikisha samaki wake hawana ugonjwa. Usichote mawe, matope au mimea pale ufuoni Dunga, kando ya ziwa Kisumu, kwa kudhani unaleta bakteria: konokono wa kichocho wanaishi humo humo.

Tangi liko tayari pale unapoliwekea tena omena ya kutosha, amonia ikaonekana, halafu kipimo cha saa 24 baadaye kikasoma sifuri kwa amonia na sifuri kwa nitriti. Toa soksi, badilisha nusu ya maji kupunguza nitrati, kisha ingiza samaki wachache, theluthi ya unaowataka. Subiri wiki mbili, pima, ndipo uongeze.

Aliyekwisha kuingiza samaki asiwatupe. Acha kuwalisha kwa siku mbili, badilisha robo hadi nusu ya maji kila siku kwa maji yasiyo na klorini, na kama nitriti ipo weka vijiko 2 vya chai vya chumvi isiyo na madini joto kwa lita 100. Kloridi ya chumvi hiyo huzuia nitriti kupenya kwenye matamvua. Endelea hivyo hadi vipimo vyote viwili visome sifuri.

Sponji usiioshe kwa maji ya mfereji kamwe. Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini. Stima ikipotea kwa saa nyingi, na kichujio chako ni kile cha kufungwa, kifungue na umwage maji yake kabla ya kukiwasha tena, kwa sababu bakteria waliokosa hewa mle ndani hufa, na uozo wao ukirudi tangini huleta amonia upya.