Soma uandishi wa habari chuo kidogo, utoke ukiwa mwandishi

Redioni kwetu hapa Morogoro tunapokea wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kutoka vyuo vidogo vya uandishi wa habari, na mimi ndiye ninayewapangia kazi na kuzihariri. Nami nilisoma chuo cha aina hiyo: darasa la watu wachache, kamera ya kupokezana, maktaba ya kabati moja. Wazazi huniuliza kama mtoto wao anapoteza ada huko. Hapotezi, mradi asome kwa namna inayoendana na chuo chenyewe. Wewe unayejiandaa kuanza, nisikilize dada yako.

Kabla ya kulipa hata ada ya fomu, hakikisha chuo kina usajili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, na kwamba kozi unayoitaka nayo imeidhinishwa. Aliyemaliza kidato cha nne huingia kwa ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, akaanza ngazi ya 4, akapanda ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Kaeni nyumbani mpige hesabu ya ngazi zote tatu tangu mwanzo. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilianzisha Bodi ya Ithibati, inayowaidhinisha waandishi wa habari, na kanuni zake zinamtaka mwandishi awe na stashahada angalau. Ukiishia kwenye cheti utakwama mlangoni.

Siku ya kwenda kukiona chuo, usivutiwe na studio peke yake. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, umwombe akuonyeshe kazi aliyosahihishiwa na mwalimu. Ukikuta karatasi imejaa wino, sentensi zimekatwa na maswali yameandikwa pembeni, hapo pana mwalimu. Ukikuta alama ya vema na neno "vizuri" tu, endelea kutafuta.

Mwalimu wa namna hiyo ndiye utajiri wa chuo kidogo, na wengi hawautumii. Usingoje zoezi la darasani. Andika habari ya aya tano kila wiki, umpelekee: "Mwalimu, shikamoo, naomba unisomee hii." Akikurudishia, iandike upya, umpelekee tena. Kwenye ukumbi wa wanafunzi mia tatu hilo halifanyiki.

Kisha chagua jambo moja la mji, ulifuatilie muda wote utakaokuwa chuoni. Hapa kwetu ningekwambia maji. Mto Ngerengere unaingia Bwawa la Mindu, na Mindu ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya mji. Anza na muuza maji wa Kihonda: dumu ni bei gani leo, wiki iliyopita lilikuwa bei gani? Nenda kwa mkulima wa mbogamboga kando ya mto, kwa mama mwenye bomba lisilotoa maji, halafu kwa diwani. Ofisi ya MORUWASA, mamlaka ya maji ya mji, iwe ya mwisho, uingie ukiwa na majibu ya wengine mkononi. Rudi kwa watu hao hao mwezi unaofuata. Binti mmoja wa fildi alitujia na daftari la bei za dumu za mtaa wake, tarehe kwa tarehe. Habari yake ilipanda hewani wiki ile ile, kwa sababu hapakuwa na afisa wa kuipinga.

Karatasi nazo zizoee mapema. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi. Nenda ukae, uandike. Ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuhusu serikali za mitaa hutoka kila mwaka: Rais hukabidhiwa mwishoni mwa Machi, Bunge huipata Aprili. Tafuta panapotajwa halmashauri yako, usome hapo polepole. Ukinyimwa taarifa ya ofisi ya umma, andika barua ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoipa ofisi siku 30 kukujibu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kuhusu vifaa, simu inatosha kuanzia. Iweke kwenye hali ya ndegeni ili isiite katikati ya mahojiano, isogeze shubiri moja kutoka mdomoni, upande kidogo ili pumzi isipige kipaza sauti. Vaa hedifoni. Mahojiano yakiisha usizime: rekodi nusu dakika ya sauti ya mahali penyewe, mashine ya kusaga au kelele za Stendi ya Msamvu, itakusaidia kuunganisha vipande. Audacity ni programu ya bure ya kuhariri sauti. Chumba kikiwa na mwangwi, soma ukielekea kwenye godoro lililosimamishwa ukutani.

Kiswahili chako kilinde. Lugha ya hotuba za uzinduzi inaambukiza. Ukiandika "utekelezaji wa mradi uko katika hatua mbalimbali", mhariri wako atauliza: mabomba yamechimbiwa au hayajachimbiwa? Andika jibu la swali hilo. Soma kwa sauti kila unachoandika. Pumzi ikikuishia kabla ya nukta, ikate sentensi.

Halafu kuna bahasha. Utapewa kwenye semina na mikutano, ikiitwa nauli. Amua leo, kabla njaa haijakuamulia, kwamba huchukui pesa ya mtu unayemwandika. Najua maisha ya geto. Lakini aliyekupa nauli anajua anakudai nini, na siku bomba lake likipasuka hutakuwa na mdomo wa kuuliza.

Fildi ombeni mapema, na msikimbilie Dar es Salaam peke yake. Kituo kikubwa kinaweza kukuweka uangalie wengine wakifanya kazi. Redio za jamii kama Pambazuko FM ya Ifakara au Sengerema FM zina watu wachache na kazi nyingi, kwa hiyo utashika kazi yenyewe. Kwenye barua ya maombi ambatanisha habari tatu ulizofanya mwenyewe, moja iwe ya sauti, na mawazo mawili ya vipindi vya eneo wanalotangazia. Barua za hivyo mimi huzisoma kwanza.