Mafuta ya kunukia kwa usingizi, mafua na mgongo: hatua ninazofuata Lamu

Kazi yangu ni kukanda na kusinga, na wateja wangu wengi hapa Lamu ni wanawake: bi harusi anayesingwa, mzazi aliye ndani ya arubaini, mama mtu mzima ambaye magoti hayamwachi alale. Wote wamelelewa ndani ya harufu. Udi na ubani kwenye chetezo, asmini kichwani, kikuba cha rihani na mkilua kifuani. Kwa mazoea hayo, mtu akiletewa kichupa cha mafuta yaliyokenekwa hukitumia kama marashi: anamimina kiganjani, anajipaka shingoni, na kesho yake ngozi imebabuka. Kichupa kile kina nguvu ambayo ua na jani havina. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni jinsi ya kuipunguza nguvu hiyo hata ifae mwilini.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Kukeneka ni kupitisha mvuke wa maji kwenye majani, maua au magome. Mvuke ukipozwa, mafuta hujitenga na maji. Katika visiwa vyetu vya Pwani ya Afrika Mashariki kazi hii inajulikana sana Pemba, kwenye kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, ambako vikonyo vya karafuu hutolewa mafuta. Karafuu ni mkarimu: mafuta ni kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa punje kavu. Waridi ni bahili, kwani kilo 1 ya mafuta yake hutaka maua ya tani 3 hadi 5. Kwa hiyo ukiuziwa "mafuta ya waridi" kwa shilingi mia mbili, umenunua manukato ya kiwandani. Yatie kwenye nguo upendavyo, lakini usimkandie mtu.

Angalia kichupa kiwe cha kioo cheusi au cha rangi ya kahawia, na kiandikwe jina la kisayansi la mmea. Mkaratusi uwe *Eucalyptus globulus*, lavenda *Lavandula angustifolia*, mchaichai *Cymbopogon citratus*, karafuu *Syzygium aromaticum*. Kisha dondosha tone 1 kwenye karatasi nyeupe uiache hadi kesho. Mafuta ya lavenda au mkaratusi yaliyo safi huruka yakaisha. Ukikuta duara la mafuta limebaki, yamechanganywa na mafuta ya kupikia au mengine kama hayo. Jaribio hili halifai kwa mafuta mazito kama ya udi na sandali, ambayo huacha alama hata yakiwa safi.

Hatua ya 2: Kipimo

Usifanye hatua hii kwa haraka. Mafuta yaliyokenekwa hayapakwi peke yake. Yanatiwa ndani ya mafuta ya kubebea. Mimi hutumia ya nazi kwa ngozi kavu na ya simsim kwa viungo na mgongo, kwa sababu simsim inateleza muda mrefu mkono unapofanya kazi. Nazi iwe imepikwa ikakauka maji, la sivyo itachacha. Ikiwa imeganda, weka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto.

Matone 20 ni kama mililita 1. Kijiko cha mezani ni mililita 15. Hesabu ninayoifuata ni hii:

- Mwili wa mtu mzima mwenye afya: matone 6 kwa kijiko 1 cha mezani, yaani asilimia 2.
- Uso, au mzee mwenye ngozi nyembamba: matone 3 kwa kijiko hicho hicho.
- Mchaichai: yasizidi matone 2.
- Karafuu: tone 1 tu.
- Mdalasini wa gome: sipaki kabisa.

Mtu asikuharakishe kuongeza. Nina bibi mmoja ambaye kila nikimkanda, baada ya dakika kumi huniambia, "Mwanangu, ongeza, sisikii harufu tena." Namjibu, "Pua imeshazoea, bibi, ngozi bado." Na ndivyo ilivyo: pua huchoka na harufu inayodumu chumbani, ila nguvu ya mafuta haijapungua hata chembe. Hesabu matone, usifuate pua.

Hatua ya 3: Jaribu kabla

Paka mchanganyiko kidogo kwenye kikunjo cha mkono, upande wa ndani, usubiri saa 24. Kukiwa na wekundu, mwasho au vipele, acha. Mimi siruki hatua hii hata kwa bi harusi ambaye harusi ni wiki ijayo, hasa yeye.

Hatua ya 4: Matumizi

*Usingizi na wasiwasi.* Hapa ndipo nimeona faida kubwa zaidi, na lavenda ndiyo ya kwanza. Tia matone 2 kwenye pamba uiweke kando ya mto, usiitie juu ya mto wenyewe. Au changanya matone 3 kwenye kijiko cha mafuta ya nazi, ukande nyayo polepole kabla ya kulala. Tafadhali usidondoshe mafuta haya kwenye makaa ya chetezo. Yanashika moto upesi, na moshi wake unakera kifua. Chetezo kiachie udi na ubani. Ukitaka harufu ienee chumbani, matone 3 kwenye bakuli la maji ya moto yanatosha, na dirisha liwe wazi kidogo.

Kuna wanaomwaga lavenda kwenye kidonda cha moto kwa sababu ya kisa cha René-Maurice Gattefossé, mkemia Mfaransa aliyeungua kwenye maabara yake mwaka 1910 akatia lavenda kwenye vidonda vyake. Aliyeungua leo jikoni anahitaji maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, na hospitali kama kidonda ni kikubwa.

*Pua iliyoziba.* Chemsha maji, yamimine kwenye beseni, subiri kidogo mvuke usiwe wa kuunguza. Tia matone 2 ya mkaratusi, fumba macho, jifunike leso kichwani, vuta pumzi kwa dakika 5. Pua itafunguka. Mafua yenyewe yataondoka kwa siku zake. Mwenye pumu asifanye hivi, na mtoto mdogo hakaribishwi kwenye beseni hilo kwa sababu yoyote.

*Mgongo na kiuno.* Kwenye kijiko cha mezani cha simsim tia matone 3 ya mkaratusi na 3 ya lavenda. Sugua viganja mpaka vipate joto, ndipo uguse mwili. Anzia kiunoni, panda juu kwa viganja viwili, kimoja kila upande wa uti wa mgongo, usikanyage mfupa wenyewe. Ukifika mabegani zunguka nje, ushuke kwa ubavuni. Mara ya kwanza mkono uwe mwepesi. Utakutana na mahali pamekaza kama fundo la kamba, mara nyingi chini ya ubao wa bega kwa mama anayebeba mtoto upande mmoja. Hapo simama, weka kidole gumba, ongeza uzito kidogo kidogo na umwambie apumue. Fundo likianza kulegea utalisikia chini ya kidole. Nusu ya nafuu, au zaidi, inatoka mkononi mwako, kwa hiyo usimuuzie mtu kichupa ukamnyima mkono. Maumivu yanayoshuka mguuni na ganzi, au yanayokuja na homa, si ya kukandwa, apelekwe hospitali.

*Jino.* Mafuta ya karafuu yana eujenoli, kiini kinachotia ganzi, ambacho madaktari wa meno hukitumia pia. Tone 1 ndani ya nusu kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, chovya pamba, gusa jino, tema mate. Ni ya kukufikisha asubuhi kwa daktari.

*Mbu.* Mchaichai huwafukuza kwa muda mfupi. Chandarua kibaki palepale.

Hatua ya 5: Nani asiguswe na mafuta haya

Mtoto wa chini ya miaka 2 simpaki chochote cha kukenekwa. Mkaratusi, mnanaa na kafuri usiwakaribishe puani mwa mtoto mdogo: vinaweza kumbana pumzi, na vikimezwa, mkaratusi na kafuri huweza kumletea degedege. Pwani yetu pia ina watu wengi wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na kafuri inaweza kuharibu damu yao, sawa na vidonge vyeupe vya kuwekea nguo sandukuni. Mjamzito asitumie katika miezi 3 ya kwanza, na baadaye aulize kliniki kwanza.

Hayanywewi. Mtoto akinywa, usimtapishe; mkimbize hospitali pamoja na kichupa. Yakiunguza ngozi, futa kwanza kwa mafuta ya nazi, ndipo uoshe kwa sabuni, kwani maji peke yake huyasambaza. Yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi, na uende hospitali jicho likiendelea kuuma.

Na jua letu hili: mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda yakikaa kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi huungua na kuacha mabaka meusi. Ukiyapaka, sehemu hiyo isione jua kwa saa 12. Mimi huyatumia kunusa tu.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Funga kizibo barabara, weka mahali pa baridi na giza, mbali na jiko na mikono ya watoto. Andika tarehe uliyofungua. Ya ndimu na chungwa huharibika upesi, hayavuki mwaka kwa joto la kwetu, na yakizeeka ndipo huanza kuwasha hata ngozi iliyokuwa ikiyastahimili. Hayo usiyapake tena. Tia matone machache kwenye maji ya kupigia deki.